Makopo Tisa, na Moja

Mize Kombo kaacha makopo tisa, na moja lisilo jina.
Nimeyakuta Jadida, uvunguni mwa kitanda chake,
ndani ya bati la biskuti lililoliwa kutu pembeni,
pamoja na sindano tatu za kofia na risiti ya bafta.

Bafta ile naikumbuka. Yadi sita, dukani kwa Mbarouk Shoka.
Mbarouk akaacha kupima, mkasi hewani:
"Nani kafa, Bi Mize?"
"Hajafa mtu. Nataka ukuta wa kukunja."

Kamera aliiacha mhandisi wa Kijerumani
aliyekuja kujenga maghorofa ya Wete, akaondoka na homa
na deni la samli kwa mamaake Mize.
Deni likalipwa kwa jicho la kioo.

Kopo la kwanza: jamvi la karafuu, dakika kumi na moja.
Hakuna mtu. Hakuna hata unyayo.
Wekundu unatoka, weusi unaingia,
kama mtu anayebadili nia asiseme.
Tulikaa uwanja wa skuli, watoto mbele, kina mama nyuma.
Dakika ya nne mtu akauliza, "Hadithi inaanza lini?"
Dakika ya tisa, yuleyule: "Kwani imekwisha?"

La pili nalipita. Umo uso wa mtu aliye hai.

La tatu na la nne ni kitu kimoja kilichokatwa:
kisogo cha mamaake, akisuka ukili.
Hageuki. Masika yanapita, vuli inapita, hageuki.
Wanasema akupaye kisogo si mwenzio.
Mize kapewa kisogo, akakipokea kwa mikono miwili.
"Uso kila mtu anao wake kiooni," aliniambia.
"Kisogo lazima akutunzie mwenzio."

Kisha ofisi ikaandika: filamu hizi hazina ujumbe wala mwisho.
Muhuri wa zambarau.
Akaiweka barua juu ya kichuguu, nyuma ya choo,
na kila alfajiri, siku arubaini, akaipiga picha kidogo kidogo
huku mchwa wakiisoma.
Ndiyo ya tano. Muhuri uliliwa mwisho,
nadhani wino ulikuwa mchungu.
Watu walicheka wakalia. Siku hiyo
hakuna aliyeuliza hadithi iko wapi.

Ya sita kaizika kwenye gunia la makonyo, mvua nzima.
Mafuta yakatafuna rangi. Taa ikiipasha moto
chumba chote kinanuka jino linalouma.

Ya saba haikuguswa na kamera.
Sindano tu, picha baada ya picha, tundu baada ya tundu,
vile anavyotobolewa kofia mume aliyekwenda Mombasa
na kichwa kitupu.
Usiku ule hakutundika bafta.
Alitugeuzia mashine sisi.
Nuru ikapita matunduni, ikatukaa vichwani,
kila mtu na kofia yake, kina mama kwa watoto,
hata mbuzi wa Bi Kijakazi aliyekuwa akipita.
Tukaangaliana.
Sijui kama nimewahi kuuona tena mtaa wangu.

Ya nane ni giza.
Ya tisa ni giza lilelile, ila ukilizoea
umo mkono.

Kopo la mwisho halijafunguliwa.
Mfuniko umezungushwa utepe, na mwandiko wake:
Usiioshe.
Fundi wa Unguja anasema wiki mbili zamtosha,
huenda kuna kitu, huenda mwanga umeshakula.
Anataka nusu ya pesa mwanzo.

Mwezi wa Rajabu tulifunga madirisha tukamwosha Mize,
mie nimeshika kata, upande wa kushoto.
Tulipomgeuza nikakiona kisogo chake,
kovu dogo chini ya nywele, umbo la punje ya mchele.
Miaka yote ile, sikulijua.

Yeye nimemwosha. Hili nimeliacha.
Nalitikisa tu, siku moja moja,
kuna kitu kinagonga.